Nyumba za kushikamana: tusome mistari ya matofali ya Bois-du-Luc tukiwa Lubumbashi

Kuko aina moja ya nyumba ambayo kizazi chetu kinaizarau bila kuiangalia vizuri: nyumba yenye kushikamana na ya jirani, ukuta mmoja, jamaa mbili. Mwambie kijana mwenye ametoka kupata lisanse kwamba siku moja anaweza kukaa ndani ya nyumba ya vile, atakujibu palepale: "Ile ni nyumba ya kambi, haiko ya muntu mwenye alisoma." Yeye anataka lupango lake, ukuta pande zote nne, mlango mkubwa wa chuma, na nyumba katikati kama kisiwa.

Ile zarau inastahili kuchunguzwa. Sitaanza na kambi zetu, juu pale kila mtu ana hasira yake ao hamu yake ya zamani, na mabishano yanaanza mbele ya kuona jengo lenyewe. Nitaanza mbali, kwa wale wenye walitutawala, mahali ambapo kompani ya mgodi ilijenga nyumba za mstari kwa wafanyakazi wake karibu miaka 70 mbele ya Union Minière kuzaliwa. Tukishaelewa kule, tutarudi nyumbani na macho mengine.

Mahali penyewe panaitwa Bois-du-Luc, Houdeng-Aimeries, ndani ya mji wa La Louvière, jimbo la Hainaut, Ubelgiji. Kompani ya makaa ya mawe ya pale ilianzishwa 1685 na ilifunga 1973: karibu miaka 300 ya kuchimba. Kati ya 1838 na 1853 ilijenga nyumba 166 za matofali. Watu wa pale wanaziita les Carrés, ni kusema miraba, hata kama kwenye plani ni trapezi: makundi manne ya nyumba, yenye kutengwa na njia mbili zinazokutana kama msalaba. Tangu 2012 ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonie: Grand-Hornu, Bois du Cazier na Blegny-Mine. Na watu wangali wanakaa mule. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Shimo la mgodi limekuwa jumba la makumbusho, lakini nyumba zimebaki nyumba.

Mbele na nyuma

Chukua plani ya kundi moja. Nyumba zimepangwa pembeni, kuzunguka kundi lote, mabega yakigusana. Mbele, mlango unafunguka karibu moja kwa moja juu ya njia. Hakuna kiwanja cha mbele, hakuna ukuta, hakuna maua ya kuonyesha wapita njia. Nyuma, ndani ya kundi, njo kuko bustani. Kumbe ukitembea njiani unaona matofali tu, mlango na dirisha, mlango na dirisha, lakini nyuma ya ule ukuta mrefu kuko udongo wa kulima, kabichi, viazi, kamba za kuanika nguo, watoto.

Kwangu hapa ndipo ufundi mkubwa wa ile kazi ulipo. Mjenzi hakuweka ukuta wa kulinda bustani, juu nyumba zenyewe ndizo ukuta. Kazi mbili, tofali moja. Njia inapata uso wake, jamaa inapata mgongo wake, na hakuna kipande cha udongo kilichobaki bila mwenyewe. Angalia sasa malupango yetu: mbele ya nyumba metre tano ao sita za kuegesha gari ambayo bado haijanunuliwa, pembeni metre mbili ambamo kunatupwa mabati ya zamani, nyuma fosse septique. Udongo mwingi, lakini umekatwa vipande-vipande na hakuna hata kimoja chenye kutosha kufanya kitu cha maana.

Na uso wa njia je? Watu wengi wanasema nyumba za mstari zinachosha macho, juu zinafanana. Ni kweli, zinafanana. Ila kuko kufanana kwa namna mbili. Kuko kule kwa masanduku yaliyotupwa chini, na kuko kule kwa sauti za kwaya. Katika mstari mzuri, urefu wa paa ni mmoja, madirisha yanafuatana kwa kipimo kimoja, na jicho linapumzika. Tofali linasaidia sana hapo, juu ni kipimo cha mkono: mtu mmoja analishika, analipaka udongo, analiweka. Ukuta wote, hata uwe na urefu wa metre 100, bado unaonyesha ile kazi ya mkono mmoja-mmoja. Nyumba hizi hazina pambo kubwa, na haziombi lolote. Uzuri wake ni wa shamba lenye kupandwa kwa mistari: mbegu ni ile ile, lakini ukisimama mwisho wa mstari unaona kwamba kuko mtu aliyefikiri.

Hesabu ya ukuta

Tuache macho, tushike hesabu. Tuseme nyumba ni metre 6 kwa 8, ukuta una metre 3 za urefu kwenda juu. Nyumba moja yenye kusimama peke yake ina metre 28 za ukuta wa inje. Nyumba kumi za vile: metre 280. Sasa uziweke kwenye mstari mmoja. Mbele na nyuma zinabaki metre 12 kwa kila nyumba, ni kusema 120. Kuta za kutenganisha ni 11 tu, kila moja metre 8, ni kusema 88. Jumla: 208. Umeokoa metre 72 za ukuta, zaidi kidogo ya robo. Mara metre 3 za kwenda juu, ni metre karé 216. Tukihesabu matofali 40 kwa metre karé, ni matofali 8.640 ambayo hayakufinyangwa, hayakuchomwa, hayakubebwa.

Kule Hainaut, udongo wa mfinyanzi na makaa ya mawe vilikuwa karibu, na kompani ilikuwa inauza makaa yenyewe. Hata hivyo ilihesabu kila ukuta. Siyo kwa kupenda pori, tusijidanganye. Ilihesabu kwa kupenda faida. Lakini hesabu haiulizi moyo wa mwenye kuihesabu: ukuta mmoja kwa jamaa mbili ni akiba, hata kama aliyeuchora alikuwa bahili.

Kwetu hesabu ni nzito zaidi. Tofali la Lubumbashi linachomwa na miti ya miombo, ile ile yenye tunaililia wakati bei ya makala inapanda. Na udongo wake mara nyingi unatoka kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa. Sisi wa kilimo tunajua vile vichuguu: udongo wake una mfinyanzi mwingi, una kalsiumu kuliko ardhi ya pembeni, na mkulima mwenye akili anaupeleka kwenye shamba lake la mahindi lenye asidi. Kichuguu kikubwa kinachukua miaka mingi sana kujengwa, na wafyatuaji wanakimaliza kwa msimu mmoja. Kila ukuta usiokuwa na maana ni kichuguu kilichopotea na miti iliyopotea.

Na ukuta usiokuwa na maana, tunao wengi. Chukua lupango la metre 20 kwa 25. Kuzunguka ni metre 90. Ukuta wa metre 2 kwenda juu: metre karé 180, matofali 7.200. Na nyumba yetu ya 6 kwa 8 katikati yake? Kuta zake za inje ni metre karé 84, matofali 3.360, tena nimesahau makusudi milango na madirisha. Umeona? Ukuta wa lupango unakula matofali zaidi ya mara mbili kuliko nyumba yenyewe. Hata ukigawana na jirani pande tatu, unabaki na sehemu yako ya matofali 4.400, bado inapita nyumba. Tunamaliza feza kwa kujenga ukuta, kisha tunakaa miaka mitano ndani ya annexe ya vyumba viwili tukingoja kupata ya kujenga "nyumba kubwa". Rafiki zangu wengi wako paka pale.

Bustani ni mshahara

Sasa nibadilishe upande, juu nikisifu tu nitakuwa mtangazaji wa kompani.

Ile bustani ya nyuma haikuwa zawadi. Kompani ya karne ya 19 ilijua kwamba mfanyakazi mwenye kulima viazi vyake anaweza kuishi na mshahara mdogo. Tena, jioni akiwa bustanini, hayuko kilabuni na wenzake wakizungumza mgomo. Bustani ni posho yenye mfanyakazi anajilimia mwenyewe kisha kazi, bila kuandikwa kwenye karatasi ya malipo. Kwa jicho la agronome, bustani ni nzuri. Kwa jicho la mwenye kuhesabu masaa ya kazi, ni sehemu ya mshahara iliyorudishwa mikononi mwa bwana.

Nyumba vilevile. Aliyekupa kazi ndiye aliyekupa nyumba. Ukigombana naye asubuhi, jioni hujui utalala wapi. Kuzunguka zile nyumba 166, kompani iliweka karibu kila kitu: shule, hospitali, nyumba ya wazee, kanisa la Sainte-Barbe, mlinzi wa wachimbaji, na sala ya sherehe. Mtu alikuwa anaweza kuzaliwa, kusoma, kuoa, kuugua na kuzikwa bila kutoka ndani ya mkono wa kompani. Na usanifu ulisaidia. Rudi kwenye ile plani: njia mbili zenye kukutana kama msalaba. Mtu mmoja akisimama pale katikati anaona njia zote, nani ametoka, nani anaingia kwa nani. Na kwenye kiwanja cha mgodi kuko milango mizito yenye kushuka kutoka juu, inaitwa milango ya guillotine, iliyowekwa kwa kufunga kiwanja siku ya fujo. Jina lenyewe linatosha.

Kwa hiyo mstari wa nyumba una sura mbili, na kosa letu ni kutaka kuchagua moja. Wenye kupenda urithi wanaona matofali na bustani, wanasema: angalia jinsi kompani ilivyowajali. Wenye hasira wanaona njia panda na milango ya chuma, wanasema: hii ni gereza. Wote wanaona kweli nusu. Kazi ya mhakiki ni kutenganisha kile chenye kuwa ndani ya ukuta na kile chenye kuwa ndani ya mkataba. Ukuta wa kushikamana haumfukuzi mtu kazini. Mkataba ndio unafukuza. Badilisha mkataba, ukuta unabaki na joto lake, akiba yake na bustani yake. Lakini njia panda ya kuangalia watu, hiyo iko ndani ya plani yenyewe, na hapo lazima tukosoe mchoro, siyo karatasi tu.

Jirani yake mwenye sifa

Ukitaka kuona hatari ya kusifu kitu kisichokuwa chenyewe, angalia Grand-Hornu, karibu na Mons. Mfanyabiashara Mfaransa Henri De Gorge alinunua ule mgodi 1810. Arkitekti Bruno Renard wa Tournai alimchorea kiwanja kikubwa cha umbo la yai, chenye matao ya matofali kuzunguka, kama vile hekalu la Waroma limekuwa karakana. Pembeni, mistari ya nyumba zaidi ya 400 za wafanyakazi. Na 1830, wafanyakazi hao hao waliinuka na kuharibu nyumba ya De Gorge. Nyumba nzuri hazikuzuia hasira, juu hasira haikuwa ya nyumba.

Mgodi ulifungwa 1954. Mwaka wa 1969 ilitoka amri ya kubomoa yote. Arkitekti mmoja wa pale, Henri Guchez, alinunua magofu 1971 na kuanza kuyatengeneza, kisha 1989 jimbo la Hainaut likanunua, na 2002 ikafunguliwa makumbusho ya sanaa ya kisasa. Kazi ya Guchez ni ya kuheshimu. Lakini tazama picha zenye kuzunguka dunia: ni matao, ni lile umbo la yai, ni jioni na mwangaza mzuri. Mistari ya nyumba inaonekana kwa pembeni, kama watu wa jikoni kwenye picha ya ndoa. Ndiyo maana mimi nachagua Bois-du-Luc. Pale hakuna tao la kukuziba macho. Kuko nyumba tu, na unalazimika kujibu swali gumu: je, kwa mtu wa kawaida, hii ni nyumba nzuri?

Jibu langu ni ndiyo, na masharti. Nyumba ya mstari inapata mwangaza pande mbili tu, kwa hiyo isiwe ya kina kirefu. Metre nane ni sawa, kumi na mbili vyumba vya katikati vinakuwa giza. Sauti inapita ukutani, kwa hiyo ule ukuta wa katikati ndio usiobanwa, uwe mnene kuliko mingine. Moto nao ukishika paa moja unaweza kutembea, kwa hiyo ukuta upande mpaka juu ya paa. Na kwetu kwa wenye kupika na makala, jiko linapaswa kukaa nyuma, inje, upande wa bustani. Hizi ni shida zenye dawa. Hakuna hata moja yenye kusema "hii ni nyumba ya watu wa chini".

Turudi nyumbani

Juu ya nini habari ya Hainaut inatuhusu? Juu feza ni ndugu. Société Générale de Belgique, iliyoanzishwa 1822 na kuingia sana katika makaa ya mawe ya Ubelgiji, ndiyo iliyokuwa nyuma ya Union Minière du Haut-Katanga ilipozaliwa 1906. Mabwana waliokuja hapa walikuwa wanajua tayari nyumba ya kompani ni chombo cha namna gani. Kwanza hawakuileta: wafanyakazi wa kwanza wa Katanga walikuja kwa mikataba mifupi, na walilazwa vibaya. Ni kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, wakati kompani ilitaka wafanyakazi wadumu, wakae na wake zao na watoto wao, njo kambi za matofali zilichukua nguvu, na shule, na hospitali, na posho. Kitabu ni kile kile cha Bois-du-Luc, lakini kimefasiriwa na kukatwa kurasa. Ukurasa wa kwanza uliokatwa ni ule wa mji wenyewe: kule Hainaut mfanyakazi alikuwa anaweza kutoka ndani ya Carrés na kutembea mpaka mji wa watu wote. Hapa kati ya mji wa wazungu na mtaa wa waafrika iliwekwa zone neutre. Ile ardhi tupu nayo ni usanifu. Ilichorwa, ilipimwa, ililindwa.

Na mwisho wa hadithi ulifanana. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville wakitaka mshahara, na walipigwa risasi. Nyumba ya tofali na posho ya unga havikufunga midomo yao, kama vile bustani haikufunga ya wale wa De Gorge.

Kwa hiyo wazee wetu wakisema "kambini tulikuwa bien", na vijana wakijibu "kambi ilikuwa utumwa", hakuna anayesema uongo. Ila hakuna anayeongea juu ya nyumba. Mmoja anaongea juu ya posho, mwingine juu ya bwana. Nyumba yenyewe imesimama kimya, tofali lake lingali linashika, na wenye kukaa ndani leo, watumishi wa zamani, watoto wao ao wapangaji, wanaipanua kila mmoja kwa namna yake: chumba kimoja mbele, kibanda cha kuuza mkate na unité, ukuta wa matofali mabichi. Wapita njia wanaita ile fujo. Mimi naiona kama uhakiki ulioandikwa na matofali. Watu wanasema: bustani ilikuwa kubwa ya kutosha, lakini vyumba vilikuwa vidogo, na njia ilikosa pa kuuzia. Arkitekti mwenye masikio angechora kutokana na yale.

Kongo ina sehemu tano kwenye orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Okapi na Salonga. Zote ni pori. Hakuna hata ukuta mmoja. Sisemi kwamba kila kambi iwe makumbusho, hapana. Nasema tu kwamba nyumba za kompani za Ubelgiji zimesomwa, zimepimwa, zimechorwa upya, na wapangaji wake wanakaa ndani ya nyumba zilizotengenezwa. Zetu, ndugu zake wadogo, zinaanguka bila mtu kuchukua hata metre ya kupimia. Mwanafunzi wa ujenzi mwenye kutafuta somo la mémoire, nakupa moja bure.

Lupango ao mstari?

Mji wetu unapanuka kwa malupango, na malupango yanakula mashamba. Upande wa Kalubwe, upande wa Kilobelobe, mahali watu wanalima lengalenga na matembele kwa ajili ya soko, kila msimu unaona mipaka mipya ya saruji. Lupango kumi za 20 kwa 25 ni metre karé 5.000, nusu hektari. Nyumba kumi za mstari, kila moja na kipande cha metre 6 kwa 30, ni 1.800 tu, na kila jamaa inabaki na bustani ya metre 6 kwa 22 nyuma: metre karé 132 kwa kipande kimoja, chenye jua na chenye kulindwa. Zile 3.200 zenye kubaki zinaweza kuendelea kulisha watu. Sharti moja la kazi yangu: hapa Lubumbashi, udongo upimwe mbele. Mitaa kama Penga-Penga, yenye kukaa chini ya upepo wa moshi wa zamani wa kiwanda, ina metali ndani ya ardhi, na bustani nzuri juu ya udongo mubaya ni mtego.

Najua kizuizi kikubwa hakiko hesabu. Ni haya. Tunaogopa kuonekana kama tumerudi kambini. Lakini kile kilichowaumiza wazee wetu kambini kilikuwa nyumba isiyokuwa yao, yenye kupotea siku ya kufukuzwa kazi. Mstari wenye kila mlango una karatasi yake ya umiliki, na ukuta wa katikati una mkataba wa majirani wawili, ule si kambi tena. Na plani yake isiwe na msalaba wa kuangalia watu: njia zipinde kidogo, zifunguke kwenye mji, na pembeni ya kila mstari pawe na nafasi ya duka ya mtu mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Bois-du-Luc: bwana alikuwa mgumu, njia panda yake ni ya kukataa, na bustani yake ilikuwa ujanja wa mshahara. Lakini mjenzi alijua kazi. Alifanya nyumba kuwa ukuta na ukuta kuwa nyumba, na miaka zaidi ya 170 kisha ile kazi, mgodi umekufa, kompani imekufa, na mtu bado anafungua mlango wake asubuhi na kutoka nyuma kumwagilia mboga.

Wenye kutafuta lupango mwaka huu, mbele ya kupeleka lori la matofali ya ukuta, itaneni watu wanne ao watano mwenye kuaminiana. Pigeni ile hesabu pamoja, kisha muniambie kama ningali nasema ovyo.